Kimaori na Kirusi: kwa Mswahili, ugumu uko wapi?

Mleta mada

Wakuu, kuna kauli naikuta kila penye mjadala wa lugha: Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, ni chepesi, Kirusi ni kigumu, mjadala umefungwa. Wanaoitoa hutegemea makadirio ya Wamarekani. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wao inakipa Kirusi saa 1,100 hivi za darasani, na Kiswahili chetu 900. Kimaori hakimo. Lakini saa hizo ni za mtu aliyelelewa na Kiingereza. Mimi nimelelewa na ngeli. Naomba tupime upya tukianzia hapa tulipo.

Kwa matamshi sibishi, Kimaori kinatupokea vizuri. Irabu ni zetu tano zilezile, kila silabi inaishia kwa irabu, na ile "ng" ya mwanzo wa neno inayowatesa Waingereza ni ng' ya ng'ombe tu. "Wh" wengi huitamka f, hivyo whare, yaani nyumba, ni "fare". Cha kuchunga ni urefu wa irabu: matua ni mzazi, mātua ni wazazi. Kirusi, kwa upande wake, kina neno vzglyad, mtazamo, lenye konsonanti hizo zote ndani ya silabi moja. Herufi zake 33 hazinitishi. Wiki mbili za bidii zinatosha.

Sarufi ndiyo inayonifanya nibishe. Angalieni: stol upal, kniga upala, okno upalo. Meza ilianguka, kitabu kilianguka, dirisha lilianguka. Au noviy dom, novaya kniga, novoye okno: nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Nomino inaamuru, maneno mengine yanafuata. Mwingereza anaanza kujifunza jambo hilo ukubwani, sisi tulilinyonya. Na Kirusi kina jinsia tatu tu! Aliyezoea ki-vi, li-ya na u-zi ataogopaje tatu?

Kimaori nacho kinaficha ugumu wake. Mwanzoni unaona kua tae ia, "amefika", unafurahi kwamba kua inafanya kazi ya -me- na kitenzi hakibadiliki. Halafu unafika kwenye "wangu". Mtoto wangu ni tāku tamaiti, lakini mzazi wangu ni tōku matua. Chakula kinachukua a, nyumba inachukua o. Mbwa a, farasi o, kwa kuwa farasi anakubeba. Hapo haiangaliwi nomino ni ya ngeli gani, inaangaliwa wewe na kile kitu mna uhusiano gani. Kiswahili hakijatuandaa kwa hilo. Vilevile "sisi". Mama akimwambia mgeni "tunakula saa moja", mgeni hajui kama amekaribishwa. Mmaori anajua papo hapo: tātou yumo, mātou hayumo. Wakiwa wawili tu, ni tāua au māua.

Kwa hiyo nasema: kwa Mswahili, pengo kati ya lugha hizi mbili ni dogo kuliko tunavyoambiwa. Pingeni kwa mifano.

Mchangiaji 1

Mkuu, umeitendea haki ngeli, ila Kirusi umekiangalia ukiwa barazani. Mimi nilisomea kule. Mwaka mzima wa kwanza, tunaouita podfak, ni lugha tu kabla hujagusa somo lako. Upatanisho haukunisumbua, hapo tunakubaliana. Kilichonitesa ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, umelala pale miaka yote. Wao unahama na hauandikwi. Zámok ni ngome, zamók ni kufuli, na kitabuni yameandikwa sawasawa. Moloko, maziwa, inatamkwa kama "malako". Ongeza kniga inayogeuka knigu ukiisoma, knigi ukiikosa, knige ukiwa na kitu ndani yake. Sisi tuna -ni ya "nyumbani", basi. Na kitenzi "kwenda" usikitafute. Idti ni kwa miguu safari moja, khodit ni kwa miguu mara kwa mara, yekhat na yezdit ni kwa chombo.

Mchangiaji 2

Mnapima sarufi, mimi napima faida. Kirusi kina wasemaji zaidi ya milioni mia mbili na ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kimaori, sensa ya Nyuzilandi ya 2023 ilihesabu laki mbili na ushee wanaokiweza. Nitaongea na nani?

Mleta mada

Mchangiaji 2, swali lako linaniuma, kwa sababu ndilo wazazi wetu wengi walilojiuliza kuhusu lugha za nyumbani wakaacha kutufundisha. Wamaori waliulizwa hivyohivyo. Mwaka 1972 walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya elfu thelathini, Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 wakaanzisha kōhanga reo, "viota vya lugha", ambako wazee wanaokijua wanakaa na watoto wadogo kwa Kimaori tupu. Mwaka 1987 kikawa lugha rasmi. Kuongea na laki mbili ni kuongea na watu. Ninachokubali ni kwamba mwalimu wa Kimaori huku kwetu hutampata kirahisi, na huo ni ugumu halisi kuliko tāku na tōku.

Mchangiaji 1, kwenye mkazo umenishinda, naufuta ule usemi wa "pengo dogo" upande wa matamshi. Upande wa sarufi bado nimesimama. Nijibu moja: hivyo vitenzi vya mwendo vilikukaa kichwani mwaka wa ngapi?

Mchangiaji 1

Wa tatu. Na khodit bado naikosea nikiwa na haraka.