Tupeane uzoefu: padri aliyekufundisha Kiingereza, alikuachia nini?

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa walio wa upande huo, na salamu kwenu nyote.

Jana usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, nikagundua mkononi nimeshika penseli. Kalamu nyekundu zipo mezani, boksi zima, na miaka yote hii sizigusi. Nikamkumbuka Father, mwalimu wangu wa Kiingereza seminari ndogo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Yeye alisahihisha kwa penseli tu. Kosa alilipigia mstari mwembamba na pembeni akaandika herufi moja ya kukuonyesha ni kosa la aina gani. Jibu hakuandika. Ukisharekebisha unampelekea daftari, anatoa kifutio kwenye mfuko wa kanzu, anafuta alama yake mbele ya macho yako, anapuliza vumbi, anakurudishia. Mwisho wa muhula daftari langu lilikuwa safi kabisa. Nilivyokuwa nakosea tulijua wawili tu.

Tuliotoka shule za msingi za Kiswahili mnaelewa. Miaka saba unasoma hesabu na sayansi kwa lugha yako, halafu unaingia sekondari kila somo limegeuka. Wiki za mwanzo sikunyoosha mkono hata mara moja. Siku moja baada ya kazi za mikono aliniita, tukakaa kwenye ngazi za kanisa, akataka nimweleze jinsi tunavyolima mihogo kwetu. Kwa Kiswahili kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho na akauliza maswali, maana yeye alizaliwa mjini, mihogo aliijua kwenye sahani tu. Kisha akasema: "Sasa nieleze tena kwa Kiingereza. Neno ukilikosa, weka la Kiswahili, endelea." Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema Kiingereza ambacho sikukikariri.

Father alifariki mwaka juzi. Nataka kusikia na zenu.

Mama Wawili
Pole sana mkuu. Mimi nilisoma kwa masista, padri alikuwa anakuja na pikipiki siku mbili kwa wiki. Misa ya Jumatano ilikuwa ya Kiingereza na masomo tulisoma sisi wanafunzi. Wakati wa mazoezi yeye alisimama mlangoni, nyuma kabisa, akisema bibi wa benchi la mwisho naye ana haki ya kusikia Neno. Ukimeza mwisho wa sentensi, unarudia. Nilirudia mstari mmoja wa Isaya mara kumi na moja, nilihesabu, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Leo mimi ni muuguzi. Tunapokabidhiana wagonjwa asubuhi, na ninapomweleza mama mzee vidonge vyake, nazungumza na mtu wa mlangoni.

Mzee wa Tabora
Vijana, jambo hili lina mizizi. Nyerere alipotoka Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, na mkuu wa shule alikuwa Padre Richard Walsh wa White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki. Padre huyo ni mmoja wa waliomsukuma na kumsaidia aende kusoma Edinburgh mwaka 1949. Nyerere alirudi 1952, akafundisha St. Francis, Pugu, hadi 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Halafu mwaka 1963, akiwa Rais, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili. Mimi hapo ndipo huwa natua. Mtu amejifunza lugha ya watu mpaka ndani, halafu faida anaileta nyumbani.

Padri wetu alitushika hapo hapo. Alitupa kurasa za Kiingereza na za Mwalimu tuzisome kwa zamu, mmoja huku mwingine kule, na akatuuliza wapi Kiswahili kimeshinda. Tulibishana mpaka kengele ya chakula. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kutuambia kwamba Kiswahili kinaweza kushinda.

Mwana wa Kakamega
Shule yangu ya msingi siitaji jina. Kulikuwa na disk, kibao cha mbao chenye kamba, ukisikika unaongea lugha ya mama unavishwa shingoni, na jioni aliyebaki nacho anachapwa. Nilikivaa sana. Nilianza kunyamaza hata nyumbani, nyanya yangu akadhani ni mgonjwa.

Kule sekondari mwalimu wa Kiingereza alikuwa padri. Wiki ya kwanza aliuliza nani kati yetu alishawahi kuvaa disk. Karibu darasa zima likasimama. Alikaa kimya kwa muda, kisha akatuomba msamaha kwa niaba ya walimu, yeye ambaye hakutuvisha. Akaandika ubaoni salamu za asubuhi katika kila lugha iliyokuwa darasani, tisa, na chini yake akaweka ya Kiingereza. Nina watoto watatu sasa. Nyumbani hakuna lugha iliyokatazwa.

Mkaaji wa Kigali
Mimi ni wa Bukavu. Kwetu masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, Kiingereza saa chache tu kwa juma, wengi walikiona ni kazi bure. Padri mmoja alitufundisha kama vile mtihani wa maisha ungekuja kwa lugha ile. Na kweli ulikuja. Nilikuwa nimehamia Rwanda, nafundisha, mwaka 2008 serikali ikaamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Wenzangu walilia kwenye chumba cha walimu. Nilichukua madaftari yangu ya zamani, jioni tukawa tunasoma pamoja, kwa njia yake ile ile: mazungumzo kwanza, kanuni baadaye.

Mama Wawili
Narudi tena. Nilipomaliza kusoma hizi nimempigia yule wa pikipiki. Amestaafu, masikio yamechoka, kwa hiyo nimemsomea zote kwa sauti, na ile ya penseli akaomba nirudie. Anauliza: huyo wa kufuta kwa kifutio alisoma Kipalapala, ile seminari kuu ya Tabora?

Mwanzisha mada
Ndiyo, Kipalapala. Dada, naomba namba yake inbox. Nimpigie leo.