Ugonjwa uliouona kwenye sizoni, kisha ukaukuta nyumbani: tupeane uzoefu

Mama Wawili: Wadau, jana Njiro umeme ulirudi saa nne usiku nikamalizia sizoni ya House, ile tamthilia ya madaktari wa Marekani, niliyojaziwa kwenye flashi. Mgonjwa kaanguka, anatikisika, wakamlaza ubavu, sindano moja, kimya. Nikafunga kompyuta. Miaka sita iliyopita mwanangu alianguka hivyo hivyo jikoni, nikamtia kijiko mdomoni kwa nguvu ili asijing'ate ulimi. Kijiko kilitoka na kipande cha jino. Mama mkwe yuko mlangoni anapiga kelele tusimguse, eti mtoto akijamba tutaambukizwa kifafa. Mpaka leo mtoto akicheka mimi naangalia pembeni. Nyie yaliwakuta yapi?

Chalii wa Sakina: Kwetu ilikuwa mwiko wa ugali. Dah.

Mzee wa Mbege: Mnusishe kiberiti, anaamka mwenyewe.

Nesi Zamu ya Usiku: Mzee, kiberiti kibaki jikoni. Mtu akianguka, sogeza vitu vya kumuumiza, weka kanga chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Mdomoni usitie kitu. Na mimi nina langu na hizo sizoni: mstari wa moyo ukishalala kwenye mashine wanapiga shoti ya umeme, mgonjwa anaruka, anafumbua macho, anaulizia mkewe. Uongo! Moyo uliosimama kabisa haupigwi shoti, unakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika na kuchoma adrenalini. Shoti ni ya moyo unaotetema hovyo. Kuna usiku nakandamiza kifua cha mzee wa watu, jasho linanidondoka hadi kwenye shuka lake, mtoto wake kanishika kola: "Mbona humpigi shoti? Mashine ile pale!" Mzee hakurudi. Yule kijana nadhani bado anaamini nilimuua.

Mama Wawili: Pole dada.

Binti wa Kirua: Mimi ni lupasi, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mwaka mzima kliniki moja ya mjini, jina naliacha, ilikuwa taifodi, UTI, taifodi, UTI. Nywele zinadondoka, vidole asubuhi havikunji hata kufunga kitenge, usoni wekundu umetanda pua na mashavu, jirani anasema nimejichubua. Nikitoka juani kidogo nalala siku mbili. Aliyenistua ni mdogo wangu, kwenye hiyo hiyo House, akasema dada, huyu ni wewe.

Chalii wa Sakina: Si lupasi! Haijawahi kuwa lupasi! 😂😂

Binti wa Kirua: Unacheka nini? Kwenye sizoni ni utani wao, kila mgonjwa wanamtajia lupasi na siyo. Na hata wao sizoni ya 4 ilikuja kuwa lupasi kweli. Mimi nameza vidonge kila siku, wewe unameza bando.

Chalii wa Sakina: Samahani sista. Nimejikanyaga.

Mzee wa Mbege: Kunywa supu ya mlonge, binti.

Nesi Zamu ya Usiku: Anywe supu, ila dawa asiache na kofia avae.

Mgumu Mstaafu: Nilikuwa napita tu, ila hiyo ya House imenivuta. Nimebeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro miaka tisa. Safari moja njia ya Marangu, mwenzangu alianza kukohoa tangu kambi ya Horombo, mita 3,720. Akaficha. Ukisema unaumwa unashushwa na posho ya siku zilizobaki inakwenda. Koti lenyewe la kuazima, mgongoni kilo 20. Tukafika kambi ya Kibo, kama mita 4,700. Saa sita usiku nasikia kifua chake kinakoroma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Namulika tochi, mdomoni povu la pinki, kucha za bluu. Mmoja wetu akaanza kutaja kijiji chao na nani kamroga. Kiongozi akasema neno moja tu: shuka. Tukamfunga kwenye machela ile ya tairi moja, watu wanne, giza, barafu kwenye mawe, tairi linaruka na sisi tunaruka nalo. Kadiri tunavyoshuka kukoroma kunapungua. Kabla ya Horombo akafungua macho, akauliza: "Mzigo wangu kabeba nani?" Tukacheka huku tunalia. Kumbe ni mapafu kujaa maji kwa sababu ya urefu wa mlima. Kwenye House wangeandika ubao mweupe mpaka ujae, wagombane, wamtoboe uti wa mgongo kwanza.

Mama Wawili: Nimesisimkwa.

Chalii wa Sakina: Posho alipewa?

Mgumu Mstaafu: Ya siku tatu.

Chalii wa Sakina: Hao mabosi wa Moshi bwana.

Mzee wa Mbege: Kampuni zenyewe nyingi ziko kwenu Arusha! Mlima wetu, hela zenu, na bado mnanuna na hayo meno ya kahawia.

Chalii wa Sakina: Meno yanaingiaje hapa mangi?

Nesi Zamu ya Usiku: Ni floraidi kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Na Hai huko kwenu ipo, mzee. Acheni.

Binti wa Kirua: Mgumu, mwenzako alirudi mlimani?

Mgumu Mstaafu: Msimu uliofuata. Sasa anauza ndizi Kiboriloni, kanenepa.

Mama Wawili: Nesi, samahani nakurudisha nyuma. Lile jino linatengenezeka?

Nesi Zamu ya Usiku: La utoto au la ukubwa?

Mama Wawili: La ukubwa. La mbele.

Nesi Zamu ya Usiku: Linajengewa. Njoo inboksi nikuelekeze.