Tupeane uzoefu: Mnaofanya kazi vyuoni, historia na falsafa mliyosoma inawasaidia nini ofisini?

Mdahili wa Njiro:
Habari za jioni wakuu. Niko kitengo cha udahili, chuo kimoja hapa Arusha. Juzi tulikaa kugawa fungu la mafunzo ya watumishi, na orodha ilikuwa ileile ya kila mwaka: ununuzi wa umma, vihatarishi, mfumo wa mitihani. Mama mmoja wa maktaba akaomba liongezwe darasa la jioni kwa sisi tusiofundisha: historia, falsafa, fasihi na mantiki, na wa kufundisha wawe wahadhiri wetu wenyewe. Kikao kikaangua kicheko. Mmoja akauliza kama tunarudi HKL, ile tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Naomba mifano ya kweli ya kumpelekea mama huyu. Masijala, milki, maabara, uhasibu, madereva, karibuni. Wahadhiri mtusubiri kwanza, nyie mnalipwa kwa kuyasema hayo.

Bonde la Usa:
Mkuu, mimi ni afisa milki, shahada yangu ya kwanza ni historia. Nilipoajiriwa bosi aliniuliza historia na viwanja vinakutana wapi. Vilikutana kwenye mpaka.

Chuo kilikuwa kinahakiki mipaka na majirani upande wa Meru. Mpima akaja na vifaa vyake, tukaita wazee, tukapitisha karatasi ya mahudhurio. Hakuna aliyesaini. Mpima akaninong'oneza kuwa wanataka posho.

Sasa mtu aliyesoma kesi ya ardhi ya Wameru hawezi kuona mzee wa kule akikataa karatasi halafu akafikiria posho. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili wawapishe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika New York na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia, mwanasheria wao akiwa Earle Seaton. Hawa wazee walikuwa watoto wakati huo, wengine wameyapokea kwa baba zao. Karatasi ya mtu mwenye ramani mkononi kwao haijawahi kuwa mahudhurio tu.

Nikairudisha ile karatasi kwenye gari. Nikawaamkia upya, nikawaomba watusimulie Engare Nanyuki. Siku yote ikaishia hapo, mpima akakasirika kwelikweli. Kikao kilichofuata walikuja na vijana wao, kila ukurasa ukasomwa kwa sauti, mara mbili, ndipo wakasaini. Chuo kingekwenda mahakamani kwa jambo lile, na gharama ya wakili mnaijua.

Kiborloni Juu:
Bonde la Usa, umesema vizuri kaka. Mimi niko masijala huku Moshi, nilisoma Kiswahili na fasihi.

Kuna barua ya kumwarifu mwanachuo kuwa amedisko, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli. Niliikuta ya miaka na miaka, aya nne za kanuni, na haki ya kukata rufaa imefichwa mwisho kabisa, chini ya "nakala kwa". Mtoto wa watu akifika aya ya pili haoni tena kinachoandikwa, machozi yamejaa. Nikaomba ruhusa, nikaipanga upya: uamuzi sentensi moja, kisha rufaa, tarehe ya mwisho, ofisi ya kwenda. Kanuni zikashuka chini. Msajili alisoma akauliza mbona imekuwa fupi, akasaini.

Fasihi ndiyo iliyonizoeza kujiuliza msomaji yuko katika hali gani ninapomwandikia. Kwenye semina za uandishi wa dokezo tunafundishwa pambizo na kumbukumbu namba, basi.

Pipeti:
Mimi ni fundi sanifu maabara, PCB damu (Fizikia, Kemia, Baiolojia), ila naomba kusahihisha wanaocheka. Masomo haya yalipopangwa Ulaya ya zamani yalikuwa saba: sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema kwa kushawishi), hesabu, jiometri, muziki na falaki. Hesabu na nyota zimo. Huu ukuta wa arts na sayansi tumeukuta kwenye tahasusi zetu za kidato cha tano, tukadhani ni sheria ya maumbile.

Kwangu faida ni mantiki. Mwanafunzi anakuja na matokeo: "nimeweka dawa, bakteria wamekufa, dawa inafanya kazi." Namuuliza, je, usingeweka wangeishi? Swali hilo sikulipata kwenye mwongozo wa mashine.

Mhasibu Mkweli:
Hadithi tamu, ila tuambiane ukweli. Muundo wa utumishi hauulizi kama umesoma falsafa. Kupanda daraja mimi nahitaji CPA, ule mtihani wa taaluma ya uhasibu. Nikikaa darasa la jioni nikirudi nyumbani Kwa Mrombo saa tatu usiku, nani ananirudishia nauli? Na huyo afisa milki angeweza kuambiwa habari za Meru na mwenyeji yeyote kwa soda moja.

Bonde la Usa:
Angeweza, mkuu. Mpima alikuwa mwenyeji, kazaliwa Tengeru.

Kiborloni Juu:
Hapo kwa daraja Mhasibu ana hoja, tusimbeze. Sisi huku tulijaribu kuanzisha kikundi cha kusoma, kikafa kwa sababu kiliwekwa saa kumi na moja jioni, wakati wa kugombania daladala. Akina mama wote wakaacha. Wekeni mchana, saa ya chakula, na mkuu wa idara atoe ruhusa kwa maandishi.

Halafu msianze na Wagiriki. Hapa Moshi ningeanza na ushirika: wakulima wa kahawa walivyojiunga 1925, KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikazaliwa 1933. Hapo mhasibu, mwanasheria na mtu wa masijala wote wana la kusema.

Mdahili wa Njiro:
Asanteni sana. Nimenakili ya Bonde la Usa na ya barua, nampelekea mama kesho. Ombi nitalibadilisha: saa saba hadi saa nane mchana, mara moja kwa wiki, bila posho, na somo la kwanza liwe Meru 1951. Mhasibu, wewe unajua kuandika bajeti ya kitu kisicho na posho? Njoo inbox.

Mhasibu Mkweli:
Chai mtaweka lakini?