Karakana nyuma ya nyumba hapa Uyole, Mbeya: mabanzi au tofali?

jioni_na_randa
Wakuu habari za jioni. Mimi sio seremala wa kazi, ni mwalimu, ila nikishatoka shule saa kumi na jumamosi yote ni mbao tu, stuli, vitanda vya watoto, makabati, na sasa majirani wameanza kuleta oda. Shida nafanyia kibarazani na mama watoto kashachoka, anasema wali una maranda (kweli, juzi nilitafuna), halafu mvua zetu hizi zikianza mwezi wa 11 mpaka wa 4 wa 5 huko nakuwa sina pa kukimbilia, nafunga turubai upepo unalibeba.

Nyuma ya nyumba kuna nafasi, nimepiga hesabu ya banda mita 6 kwa 4. Vifaa nina msumeno wa meza ule mdogo, randa ya umeme, drili, na vya mkono. Mfukoni kuna milioni tatu na chenji. Nijenge kwa mabanzi (zile mbao za pembeni zenye magome) au nijikaze tofali za kuchoma? Chini nimwage jamvi la zege au udongo unatosha? Na umeme nimefikiria kuvuta ekstensheni tu kutoka sebuleni, kuna ubaya? Wenye uzoefu karibuni, msinicheke.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene mwalimu. Kabla ya tofali na mabanzi nenda kachukue ubao mmoja wa futi 12, uweke chini hapo unapotaka kujenga uutazame vizuri. Mimi sikufanya hivyo, nikajenga chumba kizuri kabisa, rangi na nini, siku ya kwanza napasua ubao wa inchi 1x12 nikafika katikati ubao ukagonga ukuta wa mbele. Nikabaki nimeshikilia ubao huku meno yanazunguka, nazima vipi na mikono yote miwili iko kazini? Nilibomoa ukuta wa miezi miwili.

Hesabu yake ni hii. Ubao wa futi 12 unataka futi 12 kabla ya meno na futi 12 baada ya meno, hiyo ni 24 na hujaweka mwili wako. Mita 6 haifiki hata futi 20. Sasa huna haja ya kujenga ukumbi, wewe weka mlango kwenye ukuta mfupi, ukuta wa pili unaotazamana nao uache kidirisha cha kufungua, usawa wa meza ya msumeno au juu yake kidogo, msumeno ukae kwenye mstari huo huo. Ubao unaingilia mlangoni unatokea dirishani. Mimi sasa hivi ndo nafanya hivyo, watoto wa jirani wakiona ubao unachungulia nje wanajua baba kaanza.

Na mlango uwe wa mbawa mbili, upana mita 1 na 80 hivi. Kuna jamaa yangu alitengenezea kabati ndani likagoma kutoka.

umeme_ni_hesabu
Hiyo ekstensheni sahau mwalimu. Msumeno wa wati 1800 kwa volti 230 unakula karibu ampia 8 ukiwa umeshachanganya, ila pale unapowaka unavuta mara kadhaa ya hapo. Ekstensheni nyembamba, mita 20 na zaidi, halafu nusu bado imezungushwa kwenye roli lake, inachemka yenyewe kwa yenyewe, nimeshakuta zimeyeyuka. Na umeme ukiwa mdogo ile saa moja jioni wote wanapika, mota inaunguruma tu haizunguki, ndo inavyoungua hivyo.

Vuta laini yake toka kwenye meni swichi, waya wa 4mm, uweke kisanduku kidogo cha breka humo humo bandani. Soketi breka yake, taa breka yake. Hili la taa watu wanalidharau lakini fikiria, msumeno umekwama breka imeshuka, kama taa ziko pamoja nao unabaki gizani na meno bado hayajasimama. Athi (waya wa ardhini) usiruke. Soketi zipande juu ya benchi, zikiwa chini zitajaa vumbi na kila siku utakuwa unainama. Na fundi awe mwenye leseni mkuu, sio kijana wa kuchaji simu.

mama_mbao_Mafinga
Mimi niko upande wa kuuza mbao miaka mingi. Mabanzi yanafaa sana tu na ni ya bei ya chini, watu wanayadharau bure. Ila nguzo usizizike kwenye udongo hata kama umepaka oili chafu, mchwa anachelewa tu, atafika. Piga msingi wa mawe, kozi mbili tatu za tofali, ndo mabanzi yaanzie juu yake, hapo umeokoa hela ya kuta na maji hayarukii mbao. Chini mwaga jamvi inchi 4 na nailoni nzito chini yake, usipoweka nailoni unyevu unapanda na randa zako zitapata kutu zikiwa kabatini.

Lingine. Paini mnazonunua huko Mbeya nyingi zinatoka huku Sao Hill na mashamba ya watu, zinapasuliwa leo kesho ziko kwenye fuso. Mbichi kabisa. Ukitengeneza kabati wiki hiyo hiyo milango itapinda tu, usimlaumu aliyekuuzia. Kwenye ramani yako acha mita moja ya paa itokeze nje upande mmoja, hapo ndo pa kupangia mbao na vijiti katikati ya kila ubao, upepo upite, jua lisipige. Mlingoti (mkaratusi) ndo kabisa, ukikauka haraka unajikunja kama nyoka.

Na hayo maranda, unayapeleka wapi? Maana wengi wanawapa kuku. Kama umeranda zile mbao za dawa, za kijani, usiwape na usipikie, ile dawa ina aseniki, ni sumu.

jioni_na_randa
Dada hapo umenishtua, mama watoto ana kuku 40 na maranda yote yanaenda huko. Kabatini natumia zisizo na dawa ila vipande vya kenchi za paa la jirani nilivirandia hapo hapo. Leo natoa yote.

Babu_Kyela
Mwanangu mwalimu, nimesoma yote, wamesema vizuri. Mimi naongeza la bati. Huko Uyole usiku ni baridi, asubuhi ukiingia utakuta bati linatoa jasho linadondokea kwenye msumeno, utadhani paa linavuja umtukane fundi bure. Acha upenyo juu ya kuta hewa ipite, na pale juu ya mashine piga hata silingi bodi. Usinunue geji 30 kwa tamaa, chukua 28 ambayo ni nene zaidi, upepo wa mwezi wa nane unaujua.

Madirisha makubwa yaweke kusini. Sisi tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, jua la mwezi wa 6 linapita kaskazini, hivyo upande wa kusini unapata mwanga mtulivu sehemu kubwa ya mwaka isipokuwa kama mwezi wa 10 katikati mpaka wa 2, ambapo mara nyingi mawingu yanakusitiri. Jua likikupiga usoni mstari wa penseli huuoni.

Halafu hela ikikuishia usikope. Msingi, nguzo, paa, jamvi, umeme, kuta zingojee kiangazi. Nimefanyia kazi miaka minne kwenye banda la ukuta mmoja, vifaa nalaza ndani.

jioni_na_randa
Asanteni sana wakuu. Nimepima leo na ubao kama alivyosema Mnyalu, nikageuza ramani yote, mlango sasa unatazama mashariki na kidirisha magharibi. Ila magharibi kuna ukuta wa jirani, nimebakiwa na futi 7 tu kutoka kidirishani. Inatosha?

Mnyalu_Kihesa
Inatosha, sogeza msumeno uwe mita mbili unusu kutoka kidirishani, ubao wote utapita na futi tatu zitabaki. Ila kaongee naye huyo jirani kabla, na kwa mtendaji upite ukaulize kibali. Mimi wangu nilimtengenezea stuli mbili kwanza, mpaka leo hajawahi kulalamika kelele.

mama_mbao_Mafinga
Stuli za paini mbichi?

Mnyalu_Kihesa
Mninga dada. Nilipiga chafya wiki nzima kwa lile vumbi, barakoa sikuwa nayo.