Nimemsaidia mtu aliyechomwa kisu, sasa naambiwa nitageuziwa kesi

binti_manzese:
Habarini wakuu. Juzi jioni natoka kazini nimeshuka mwendokasi pale Manzese, mbele yangu kuna kijana anaongea na simu, ikaja bodaboda imebeba wawili, yule wa nyuma akaivuta simu, kijana akang'ang'ania, akachomwa kisu cha paja wakasepa. Watu wametawanyika, wengine wametoa simu wanarekodi, kijana kakaa chini anaangalia damu inavyomtoka utadhani si yake. Nilivua mtandio nikaukunja nikamkandamiza kwa nguvu zangu zote, kaka wa chipsi akaja tukamlaza, tukapata bajaji, na dereva alikataa kabisa hela, Mungu ambariki sana. Kufika hospitali mapokezi wananiuliza PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi, jamani mtu anavuja damu!! Nilipiga kelele mpaka daktari akatoka mwenyewe akamchukua.

Kashonwa, ndugu zake wapo naye. Sasa polisi wamenipigia niende kuandika maelezo na nyumbani kila mtu ananiambia usithubutu, utageuziwa kesi. Nifanyeje? Halafu nilikuwa nimejikata kidole jikoni na damu yake ilinijaa mikono yote.

nesi_wa_zamu:
Dada mambo ya polisi yaache kwanza, hicho kidole ndo cha haraka. Nenda SASA HIVI kituo cha afya waambie umegusana na damu ya mtu una kidonda, watakupima na wakiona inafaa watakuanzishia PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Inatakiwa uanze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, na we unasema juzi. Unameza siku 28 bila kuruka.

Ulichomfanyia huyo kijana ndicho chenyewe, kukandamiza bila kuachia achia kuchungulia. Kitambaa kikilowa unaongeza kingine juu yake, hutoi cha kwanza. Na wengine mnaosoma, kisu kikibaki mwilini msikichomoe, msimpe maji maana anaweza kuingia theatre, na naomba kuweka majivu na mafuta ya taa kwenye kidonda tuachane nako kabisa. PF3 ni karatasi ya polisi ya kuonyesha majeraha kesi ikifika mahakamani, haitakiwi kumzuia mtu wa dharura kutibiwa, anatibiwa kwanza ndugu wanaifuata kituoni na ni bure.

kaka_wa_temeke:
Pole sana dada ila mimi nakwambia kwa uchungu, kuwa makini. Bro wangu alimbeba majeruhi wa ajali akakalishwa kituoni mpaka usiku wanamuuliza we ndo umegonga? Toka siku hiyo akiona ajali anapita. Usiende peke yako.

mtu_wa_sheria:
Namuelewa kaka hapo juu na kilichompata ndugu yake ni uonevu, ila aende. Majeruhi yupo hai, anajua nani kamchoma na nani kamsaidia, hapo pa kukugeuzia kesi ni padogo sana. Nenda mchana na ndugu yako mmoja, sema ulichokiona kwa macho yako tu, kama sura hukuiona sema hukuiona. Wakishaandika usisaini kabla hujasoma mwanzo mwisho, kisichokuwa chako waambie wakirekebishe. Hakuna hela ya kuandika maelezo. Na ukipata vitisho ripoti mapema, tuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015.

Wale wa bodaboda kesho watakuwa kituo kingine wanamvizia mwingine, na bila shahidi hata wakikamatwa wanatoka.

binti_manzese:
Asanteni sana nimelia kusoma. Kituo cha afya nimeshatoka, wamenipima na dawa nimepewa, nesi alinipokea vizuri mno. Kituoni nitaenda na kaka yangu, na yule kaka wa chipsi amesema anafunga banda twende wote. Nesi samahani, hizi dawa nasikia zinachefua, naweza kumeza usiku?

nesi_wa_zamu:
Ndiyo, meza usiku ukishakula, ila saa ile ile kila siku. Na tarehe ya kurudi kupima usiipitishe. Usingizi ukigoma au ukawa unakiona kile kisu kila ukifumba macho, uwaambie hapo hapo kituo cha afya, wana watu wa ushauri.