Uwanja wa muda: sababu ya kufungwa au kisingizio?

Wakuu, kila timu inapohamishwa kwao kupisha ujenzi, wimbo ni uleule: "Msitulaumu, hatuna nyumbani." Timu ikitoka sare, uwanja. Mshambuliaji akipaisha mpira golikipa keshalala, uwanja. Msimamo wangu ni kwamba uwanja wa muda unauma kweli, ila unauma miezi miwili mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo watafute sababu nyingine.

Chukueni Tottenham. Msimu wa 2016/17, wa mwisho kwenye uwanja wao wa White Hart Lane, walicheza mechi 19 za ligi nyumbani bila kufungwa hata moja: ushindi 17, sare 2, pointi 53. Uwanja ukavunjwa, wakahamia Wembley, uwanja wa taifa wa England, na 2017/18 wakavuna nyumbani pointi 43. Kumi zimeyeyuka! Ugenini walikuwa na 33, msimu uliofuata 34. Yaani safarini walikuwa walewale, ndoo ilivuja nyumbani tu. Wanaotetea hoja ya uwanja hapa wana haki ya kutamba.

Lakini zipitieni mechi zenyewe. Agosti 2017, Chelsea wanawafunga 2-1. Wiki moja baadaye Burnley: Spurs (ndio haohao Tottenham) wanaongoza 1-0, dakika ya 92 Chris Wood anasawazisha. Halafu Swansea, 0-0. Mechi tatu, kati ya pointi 9 wameambulia 2. Katika mechi 16 zilizobaki walidondosha pointi 7 tu, idadi ileile ya zile tatu za mwanzo! Tena humo ndani Liverpool walikula 4-1, na kwenye Ligi ya Mabingwa Real Madrid wakapigwa 3-1. Na tuseme ukweli, hata wangebaki White Hart Lane, pointi 53 kati ya 57 si kitu cha kurudia kila mwaka.

Kilichowatesa mwanzoni nakielewa. Uwanja wao wa zamani ulikuwa mfupi na mwembamba kuliko Wembley, na mashabiki walikaa karibu na mstari. Kwa timu inayokabia juu, yaani inayomfuata mpinzani hadi nusu yake, hizo mita chache ni mbio za ziada kila inapopoteza mpira. Beki wa pembeni aliyezoea kwao hatazami chini. Bango fulani likiwa usawa wa bega lake anajua eneo la hatari liko hapo. Mhamishe, na kwa wiki kadhaa atakuwa anapiga krosi kwa kukisia. Kuna na jambo ambalo watu hulisahau: mgeni naye hubadilika. Kwa Burnley au Swansea, Wembley ni pa kuchezea fainali. Wanakuja kifua mbele, wala hawatishwi na geti.

Kuhusu mashabiki sibishi. Msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa vitupu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya korona, Ligi Kuu ya England ilikuwa na ushindi 153 wa wageni dhidi ya 144 wa wenyeji. Nyasi zilikuwa zilezile, vyumba vilevile, kasoro watu. Kwa hiyo nyumbani ni watu kwanza, na watu wanaweza kuhama na timu.

Hapo ndipo mtaniletea Barcelona, waliohamia Montjuïc mwaka 2023 Camp Nou ikikarabatiwa. Uwanja wa Olimpiki, njia ya riadha imetenganisha jukwaa na mchezo, viti karibu nusu ya walivyozoea. Msimu wa kwanza walipigwa pale na Real Madrid 2-1, Girona 4-2, Villarreal 5-3, PSG 4-1, wakamaliza bila kombe. Kila mtu akailaumu ile njia ya riadha. Msimu uliofuata njia ipo palepale, wamemaliza mabingwa wa Hispania, na Mei 2025 Madrid wamefungwa 4-3 kwenye uwanja huohuo. Kilichobadilika ni benchi: kocha Xavi katoka, kocha Flick kaingia.

Sasa anayeshikilia uwanja anijibu hili. Desemba 2024, Leganés, timu iliyopanda daraja msimu ule na kushuka msimu uleule, iliifunga Barcelona 1-0 pale Montjuïc. Barcelona walikuwa wameshacheza hapo zaidi ya mwaka mzima. Ugeni gani huo?