Nyumba za bei nafuu: nani atangulie kupewa ufunguo?

Wadau, hebu tulijadili hili bila kurushiana matusi ya vyama. Kila nyumba za serikali zinapokamilika, kama zile 1,080 za Mukuru, Nairobi, ambazo Rais Ruto alizikabidhi Mei 2025, lalama ni moja: "Mimi nilijisajili Boma Yangu kitambo, mbona fulani amenipita?"

Boma Yangu ni mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizi, na anayeuliza hivyo anadhani yuko kwenye foleni. Hayupo. Ukibonyeza *832#, au kijana wa saiba akikuingizia nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), umefungua akaunti tu. Nyumba yenyewe unaiomba mradi ukifunguliwa, na hapo unaulizwa akiba uliyoweka kuelekea malipo ya awali. Tarehe uliyojisajili, peke yake, haikununulii hata kitasa.

Kuna na ule ushuru wa nyumba. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa 600 kila mwezi, mwajiri naye anaongeza 600. Wengi wakiiona kwenye hati ya mshahara hudhani ndiyo akiba yao. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoletwa kweli ulizungumzia mchango wa asilimia 3 ambao ungerudishwa baada ya miaka 7. Ulipotoka bungeni ulikuwa umegeuka ushuru wa asilimia 1.5, na ushuru ukishaingia haurudi. Mahakama Kuu iliupiga chini Novemba 2023. Machi 2024 ukaletewa sheria yake na unakatwa mpaka leo. Kwa hiyo mwalimu wa Lodwar anachangia, ana nyumba au hana, anaitaka au haitaki.

Sasa msimamo wangu. Sheria imetenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya 20,000 kwa mwezi, halafu za bei nafuu kwa wa 20,000 hadi 149,000. Kwa kundi hili la juu, sina shida akiba ikiamua. Lakini mama anayekatakata sukuma wiki kando ya barabara, akitoa kodi ya chumba cha mabati na nauli ya shule, atabakisha nini? Ukipanga watu kwa akiba, yeye hafiki mbele kamwe, na ndiye aliyetajwa kila nyumba hizi zilipopigiwa debe. Kwa nyumba za kijamii nataka bahati nasibu ya hadharani kati ya wote waliohitimu, na majina yabandikwe kwa chifu kabla na baada.

Najua nitajibiwa kwamba hiyo ni kamari. Sawa, lakini kamari ya hadharani naiogopa kidogo kuliko simu ya mheshimiwa usiku. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wanaokatwa: pesa zetu, tutangulie sisi. Ina uzito. Ila tukiifuata, wenye hati za mshahara watamaliza nyumba zote, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema makao ni haki ya kila mtu.

Basi niambieni: una nyumba 100 za kijamii, waombaji 1,000, wote wamehitimu. Unaanza na nani, na aliyekosa unamweleza nini?